Mazabodi Isiyo na Mataa

Baba yangu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na kiharusi kilipompitia kilimwachia neno moja tu: "Haya." Umelala vizuri, baba? Haya. Uji au chai? Haya. Akikasirika pia ni haya, ila hiyo unaijua kwa macho. Mtu aliyekuwaga akisoma barua kwa sauti mpaka jirani wa pili anajua habari zetu zote za bara, leo ana neno moja, na anakaa sebuleni kwetu Manzese akiangalia pazia.

Dada mmoja wa hospitali, anayewafundisha wagonjwa kusema upya, alituita pembeni mie na mama. Akasema tutafute rekodi ya baba akiongea. Asikie sauti yake kila siku, vipande vidogo vidogo, vimepunguzwa kasi, na auone mdomo wake kwa karibu unavyotamka. "Hatuahidi kitu," akasema, "lakini ubongo unajulikana kwa kutafuta njia za pembeni." Mama akanigeukia. Mie ndiye fundi wa kuhariri video za sherehe pale nyumbani, kwa hiyo ni nani mwingine wa kuangaliwa?

Rekodi nilikuwa nayo. Kwenye send-off ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga alipoolewa, baba alisimama akatoa wosia mpaka mpishi akaacha masufuria yake kuja kusikiliza. Kamera zilikuwa tatu, na sauti ilirekodiwa kivyake kwenye mashine ya muziki. Basi nikaiweka kwenye laptop yangu kuukuu, tukamsogeza baba karibu. Loh! Picha ikaganda, mdomo wa baba uko wazi, na sauti ikaanza kukatikakatika: "ni... ni... ni..." Baba aliyekuwa kwenye kioo na baba aliyekuwa kwenye kiti wakawa na ugonjwa mmoja. Mzee akageuzia uso ukutani. Mama akatoka nje, nikamsikia anafungulia bomba bila ndoo.

Nilikasirika mie, sijui hata nilimkasirikia nani. Nikasema, naunda kompyuta. Ndiyo, ningeweza kumpa mwenzangu wa kazi ile video aihariri kwenye mashine yake, nikaletewa kwenye flashi. Lakini zoezi lilikuwa la kila siku. Leo unataka neno hili, kesho lile, unasogeza picha, unapunguza kasi, unarudia. Ilitakiwa mashine ikae pale pale sebuleni, na jambo moja lilikuwa lazima: isigande. Ikiganda mara ya pili baba akiwa mbele yake, nilijua hatakubali tena kuletwa.

Sasa, kuunda kompyuta watu wanadhani ni kununua vitu na kufunga skrubu. Kazi yote iko kwenye mawili: prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, na mazabodi, ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa humo. Hivyo viwili lazima viivane. Soketi ya mazabodi ikiwa ya ukoo mwingine, prosesa haiingii hata ulie. Na kampuni za prosesa ziko mbili kubwa, watu wanazishabikia kama timu za Kariakoo, ukiuliza ushauri mtandaoni unatukanwa na pande zote. Mie sikuwa na ushabiki. Nilikuwa na jua la Dar, vumbi la barabarani, na fundi mageti wa jirani ambaye kila akichomelea, taa za kwetu zinafifia. Nilitaka mazabodi yenye njia nene za umeme na vyuma vizito vya kupoozea, na prosesa yenye nguvu isiyochemka hovyo.

Mama akasema anakuja. Nikamwambia mama, huko ni kwenye mambo ya kompyuta, utachoka. "Nani kakwambia nachoka?" Akavaa kitenge chake cha shughuli za posa. Nakwambia ukweli, kile kile alichovaa walipokuja wakwe wa mdogo wangu. Tukapanda basi la mwendokasi mpaka Kariakoo.

Mwenye duka alikuwa mtu mzima, mnene, feni inampiga usoni, na anaongea kama ana kipaza sauti. Nikamsalimia shikamoo, yeye akamwamkia mama, kisha akatuwekea kwenye kaunta mazabodi mbili. Moja ilikuwa na mataa kila kona, alipoiwasha duka likawa kama ukumbi wa harusi. Ya pili ilikuwa nyeusi tu, vyuma mgongoni, haina hata nakshi. Nami, fundi wa kuchunguza, nikajikuta naitazama yenye mataa. Ilikuwa inapendeza, jamani.

Mama akavuta stuli, akamgeukia mwenye duka. "Baba, hawa wawili nani anawajua vizuri?"

"Mimi, bi mkubwa. Wote nawauza."

"Huyu anayejipamba, kwao wanadumu?"

Mwenye duka akacheka. Mama hakucheka. Kwetu kijana akija kuposa, wazee hawamuulizi kijana, wanaulizia ukoo: kuna magonjwa gani, wana hasira, wanakula wakashiba? Mama akayauliza yote. Anakula umeme sana? Akikatiwa umeme ghafla anaamkaje? Joto likizidi anafanya nini? Kuna aliyewahi kurudishwa hapa na mtu analia? Hapo mwenye duka akajikuna shingo. Akasema ule wenye mataa, mmoja mmoja huwa unarudi, hasa kwa watu wanaoufanyisha kazi mchana kutwa. Ule mweusi, tangu aanze kuuleta, aliyerudi ni mtu aliyetaka wa pili. Akaongeza kwamba soketi yake ni ya ukoo ambao bado unaendelea kutoa prosesa, kwa hiyo hata baadaye nikitaka kubadilisha prosesa, ubao utabaki.

"Basi tunamchukua huyu," mama akasema, na mie niliyekesha kwenye mitandao nikatoa hela tu, pamoja na za prosesa ya ukoo wake na vifaa vingine. Wakati tunaondoka mwenye duka akapiga kelele nyuma yetu kuhusu kuwasha mara ya kwanza. Kulikuwa na mkokoteni unapita, nikasikia tu "msiwe na haraka," nikapunga mkono.

Mchana wa kesho yake nikatandua kitambaa cha meza nikapanga vitu. Baba tulimweka pale pale mezani, upande wa mkono wake mzima. Nikaitoa prosesa kwenye boksi nikamwonyesha. Mungu wangu, kile kitu! Kidogo kuliko biskuti, upande mmoja kofia ya chuma, upande wa pili nukta za dhahabu zimepangwa kwa mstari kuliko shanga. Ndani yake kuna swichi mabilioni, na asili yake ni mchanga. Nikatazama dirishani, jirani kamwaga lori la mchanga wa kujengea na kuku wanaparua juu yake. Mchanga! Mtu alikaa wapi, akawaza nini, mpaka akaona kwamba mchanga unaweza kufundishwa hesabu? Mwili ulinisisimka, nikamwambia baba hivyo hivyo. Baba akaigeuza prosesa kwenye mwanga polepole, akasema, "Haya," na ile ilikuwa haya ya kushangaa.

Nikaiweka kwenye soketi, nikashusha kipini, kikalia kwa namna ya kukukata maini. Halafu nikaenda kwa fundi mageti kumwomba apumzishe mashine yake kidogo, nisije nikawasha huku umeme unayumba. "Poa sista," akasema, "mzee si ndiye anataka kusema? Tunazima." Nikarudi mbio.

Nikamkuta mama ameinama juu ya meza, macho amefumba, midomo inacheza, na kidole kiko juu ya prosesa. Pembeni yake kile kichupa cha mafuta ya upako cha kanisani.

"Mama! Mama unafanya nini?"

"Naombea. Gari mliombea, nyumba mliombea, hiki kitu cha kumponya baba yako ndiyo kisiombewe?"

"Umepaka mafuta!"

"Msalaba mdogo tu."

Yesu wangu. Msalaba ulikuwa unang'aa juu ya kofia ya chuma, umenona, tone moja linaelekea ukingoni. Nilipiga ukunga. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, kuhusu mazabodi na kuhusu watu wanaoingilia kazi za watu. Mama akashika kiuno: "Piga kelele, mafuta hayajawahi kumuua mtu!" Baba akatutazama kwa zamu. "Haya," akasema, na naapa alikuwa anacheka.

Nikachukua pamba na spiriti ya kusafishia vidonda vya baba, nikafuta mpaka nikajiona kwenye chuma. Nikapaka ile dawa nyeupe ya kupitishia joto, nikafunga feni, nikachomeka vijiti vya kumbukumbu, diski, nyaya zote. Nje kulikuwa kimya. Manzese mchana, kimya! Fundi mageti na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni kwetu na miwani yao myeusi vipajini. Nikawasha.

Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Tukasubiri. Cheusi. Pale kwenye ubao, kitaa kimoja kidogo cha njano kando ya kumbukumbu kikawaka, hakizimi, hakifanyi lolote. Nikajua ni mafuta. Nikamtazama mama, na mama, ambaye muda si mrefu alikuwa anashika kiuno, alikuwa ameshika mdomo. "Nimeiua," akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, nimeiua sauti yako." Mie nikanyoosha mkono kuzima.

Baba akainua kidole.

Kimoja, cha mkono wa kushoto, wima. Aliyesoma darasani kwake anakijua. Mtoto akisimamishwa ubaoni akakwama, wengine tunapiga vidole, mwalimu mie, mwalimu mie, yeye anainua kile kidole na darasa zima linanyamaza. Hamsaidii yule mtoto. Hamkemei. Anamsubiri tu, na ole wako ukohoe. Mwili ulikumbuka kabla yangu, mkono wangu ukarudi pajani. Fundi mageti akavua miwani.

Na hapo ndipo kelele za yule mwenye duka zikanirudia, zikaungana na niliyoyasoma: msiwe na haraka. Mazabodi za ukoo ule, mara ya kwanza zikiwashwa, zinakaa gizani zinaipima kumbukumbu yake, zinajaribu, zinakosea, zinajaribu tena, mpaka zielewane. Ukizima unaanza upya. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inaijua kumbukumbu yake. Nilimtazama baba na kidole chake, nikakitazama kile kitaa cha njano. Niliogopa kama mtu anavyoogopa kanisani.

Kioo kikawaka. Wale mafundi wakashangilia kama goli la dakika ya mwisho, na mama akakaa chini kwenye sakafu na kitenge chake kizuri.

Nilipomaliza kuweka programu nikafungua ile video. Kamera tatu kwa pamoja, sauti juu yake, haikuganda hata chembe. Baba akasimama kwenye kioo, suti ya bluu, akamwambia mdogo wangu: "Siku ukichoka, rudi. Usitafute sababu ya kusema. Gonga tu, mlango nitakufungulia mwenyewe." Nikausogeza mdomo wake ukajaza kioo, nikapunguza kasi. Mzee aliyekuwa kwenye kiti hakugeukia ukutani. Alisogea mbele mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Tukaanza hivyo. Asubuhi kipande, jioni kipande, fundi anachomelea, taa zinafifia, stabilaiza ya kutuliza umeme inalia, na ule ubao mweusi haujali. Midomo ya baba ikaanza kufuata ile ya kwenye kioo bila sauti. Wiki zikapita. Neno likabaki lile lile, haya, na dada wa hospitali akatwambia tusikate tamaa kwa uso wa mtu aliyekwisha kuzoea kusema hivyo.

Mpaka mchana mmoja mama anamlisha uji kama kawaida. Kijiko kikafika mdomoni, baba akakisukuma kwa mkono wa kushoto. Mama akakirudisha. Baba akakishika.

"Mwenyewe."

Mama akanitazama mie, kana kwamba nimesema mie. "Umesemaje, Mwalimu?"

Baba akakunja uso vile vile alivyowakunjia watoto wasiosikiliza, akamtamkia polepole, silabi kwa silabi, kama ubaoni: "Mwe-nye-we."

Mama akakiachia kijiko. Uji ulimwagika kidevuni, ukashuka kwenye shati jeupe alilopigiwa pasi asubuhi ile, na mama yangu, ambaye hajawahi kuacha doa likauke, akakaa na mikono yake mapajani akimwangalia anakula.