Neno Moja la Adongo

Lorna Achola amekuwa mkalimani wa mahakama mjini Kisumu kwa miaka kumi na saba. Siku nyingine, anasema, huota ndoto kwa Kijaluo na kuzisimulia kwa Kiswahili kabla hajaamka.

Asubuhi ile ukungu wa ziwa ulikuwa umefika hadi madirishani, na chumba cha mahakama kilionekana kama kinaelea. Mbele ya hakimu alisimama Adongo, msichana wa miaka kumi na tatu aliyeomba kuongea Kijaluo. Alishtakiwa kwa kuchoma kibanda cha nafaka cha Mbugua, mfanyabiashara wa Otonglo. Kisheria, mtoto wa umri wake huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa anaweza.

"Muulize," hakimu akasema, "alipowasha moto, alijua ni vibaya?"

Lorna akauliza. Adongo akaugeukia ukungu wa dirishani.

"Ne rach," akanong'ona.

Kiongozi wa mashtaka, mzaliwa wa Kombewa aliyejua Kijaluo, hakungoja tafsiri. "Mheshimiwa, amekiri!"

Lorna akainua mkono. Kazi yake ilikuwa kutafsiri, si kutetea. Lakini atafsiri vipi?

"Mheshimiwa, 'ne rach' nikiitafsiri 'ilikuwa vibaya', ni kitendo chake. Nikisema 'ulikuwa mbaya', labda ni moto. Kijaluo hakichagui, na mtoto hajachagua. Naomba aulizwe ni nini kilikuwa kibaya."

Hakimu akaruhusu.

"Moshi," Adongo akajibu polepole. "Nyigu walijenga chini ya paa la kibanda, wananiuma nikipita hapo kwenda shule. Nilitaka moshi uwatoe. Ukaniingia machoni, sikuona moto ukipanda."

Lorna alipoyabeba maneno hayo kwa Kiswahili, alihisi macho yake mwenyewe yakiwasha.

"Hao nyigu hata mimi walinidunga!" Mbugua akaropoka kutoka nyuma. Hakimu akamnyamazisha.

Wiki mbili baadaye hakimu aliamua kwamba haikuthibitishwa mtoto alijua anatenda kosa. Adongo aliachiliwa arudi kwa nyanya yake, na afisa wa watoto awe akimtembelea.

Kwenye ngazi za nje, msichana akamvuta Lorna mkono.

"Mama, maneno yangu yameenda wapi?"

"Yameandikwa."

"Hata ya nyigu?"

"Hata hayo."

Adongo akamkimbilia nyanya yake aliyekuwa akimngoja chini.