Kura Moja ya Kibuyuni

Siku hizi Hasina hufunga kamba zake za mwani peke yake. Kazi hiyo yataka watu wawili, mmoja ashike huku na mwenziwe avute kule, mpaka kamba ikaze baina ya vigingi. Yeye hufunga ncha moja, akakokota miguu majini hadi ya pili, akavuta, na ile ya kwanza ikalegea. Hurudi akaanza upya. Wenziwe wako papo hapo, wanacheka, na hakuna anayemwita.

Yote haya kwa ajili ya kura moja! Tembo, mtoto wa Kibuyuni, aligombea kiti cha wadi na Chirau wa Ramisi, na kijiji kizima kikamuahidi Tembo kura. Kura za kituo chao, pale shuleni, zilipohesabiwa, Chirau akatoka na moja. Tembo naye akaanguka kwa kura za vijiji vingine. Basi kiti kikasahauliwa, watu wakaisaka ile kura kama walioibiwa mbuzi. Wanaume wakajivua lawama, ati hayo ni mambo ya kike. Na mwanamke gani kama si Hasina, aliyezaliwa Ramisi?

Wallahi, Hasina alimpigia Tembo, na kwa hiari yake.

Bi Twaiba, mkubwa wa kikundi cha mwani, akawakusanya wanawake bandani, akaweka msahafu juu ya mto. "Kila mtu ataweka mkono hapa aseme alimpigia nani. Aliye safi ana hofu gani?"

Kule kiapo si mchezo. Anayeapa uongo hulala akingoja msiba. Hasina akafurahi, nusura acheke. Maneno mawili tu na fitina imekwisha. Akatawadha, akajipanga. Zamu yake ilipokaribia akageuka kumtazama Fauzia, shoga yake wa miaka yote, aliyesimama nyuma yake. Lo! Alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua, mkono wa kuapia ameuficha ndani ya leso.

Hasina akaelewa. Wasio na neno wakiapa wote, atabaki mmoja asiyeweza.

Zamu yake ilipofika akaunyosha mkono, kisha akaurudisha. "Mimi siapi, Bi Twaiba. Kura yangu niliipiga faraghani, na Mola wangu ndiye shahidi. Siitangazi hapa."

"Ndiye huyo!" wakapiga kelele. Bi Twaiba akaufunika msahafu. Aliyetafutwa kapatikana, waliobaki wende zao.

Nyumbani mumewe, Mbarak, alimngoja kibarazani. "Ungeapa tu, mke wangu, ukatuondolea aibu. Kwani ulimpigia Chirau?"

"Usiniulize, baba."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alitamani sana kumwambia. Lakini alimjua mumewe: angetoka mbio kumtetea barazani, na watu wangeanza kumsaka mwingine. Mbarak akainuka akaenda zake. Tangu hapo hula chakula chake bila kumtazama usoni.

Matusi Hasina ameyazoea. Lililomvunja moyo ni la juzi, alipokutana na Fauzia kwenye njia ya pwani, wawili tu.

"Asalaam aleikum, shoga yangu."

Fauzia akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo akajifunika uso kwa leso, akampita. Hasina akasimama na kapu kichwani, akimngoja ageuke angalau mara moja. Hakugeuka.