Shangazi Aonja Wiski ya Uskoti

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika hoteli moja ya Bukoba, muuzaji alitumiminia wiski nyepesi ya Uskoti, ya shayiri tupu, iliyokomazwa kwenye pipa, tuionje na kuitolea maoni. Glasi ya kwanza alimpa shangazi yangu wa Buganguzi, anayepika lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akairudisha.

“Tangulia wewe, mwanangu. Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza.”

Ukumbi ukacheka. Dada aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, “Huyo ni wa kwenu?”

“Jirani tu,” nikasema.

Muuzaji akanywa. Ndipo shangazi akadondosha tone kiganjani, akalisugua, akanusa mara mbili, kisha akaonja.

“Nyepesi, lakini si dhaifu. Na pipa lake liliwahi kubeba mvinyo. Hata mtumbwi wangu ninaochachushia lubisi hubaki na harufu ya pombe iliyotangulia.”

Muuzaji akageuza chupa, akasoma maandishi ya nyuma, akavua kofia. “Kweli, mama. Mvinyo.”

Makofi yakalia. Wengine tumefika chuo kikuu tukatoka na pua za kupumulia tu.

Jumapili, saa moja asubuhi, nilikwenda Kagondo, alikoniambia anakaa yule dada wa ukumbini, nikapiga hodi, nikamwambia, “Yule mama wa jana ni shangazi yangu, dada wa baba yangu.”