Kifaru Aliyeibiwa Sambusa

Kanda ya video ikipata joto ina harufu yake, kidogo kama kiatu kipya, kidogo kama vumbi lililoungua. Juzi niliisikia katika duka moja la vitu vikuukuu huko Ruwi, mjini Maskati, nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniangalia mara mbili. Yeye sikumweleza. Nyinyi nitawaeleza, maana hamtamwambia kaka yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu Nasir kumi na miwili, na tulikuwa tukikaa Mawaleh, mji huohuo. Mwaka ule tulipata habari kwamba huko Marekani iko tuzo kubwa ya filamu bora ya katuni, na tokea siku hiyo nyumba haikutulia. Mimi nilisimama na filamu ya kondoo dereva wa treni. Nasir alisimama na ya kifaru anayeogopa mvua, ambaye dada yake anachukuliwa na mafuriko, ikambidi atoke kumtafuta. Tulibishana kwenye basi la shule, tukabishana juu ya sinia la wali, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa kutupiana mito. Mama akachoka. Akasema kesi iende kwa Bibi, na atakayeshindwa atakaa kiti cha katikati ndani ya gari mpaka shule zifungwe. Wanaoijua Maskati ya mwezi wa tano watanielewa: kiti cha katikati hakina dirisha, kiyoyozi hakikifikii, na mapaja ya mshindi na ya Bibi yanakubana huku na huku.

Bibi, mama yake Mama, alihamia Oman kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na nyumbani hakusema ila Kiswahili. Filamu zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili cha Nasir kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Nasir aliniapisha nifasiri kwa haki, kisha akaenda kucheza mpira, kwa sababu filamu ya kifaru alikwishaiona mara sita.

Ijumaa baada ya chakula tukaanza na kondoo. Nilimfasiri kwa maneno matamu, nikamwongezea na hekima ambazo hakuzisema. Bibi akasinzia. Nilipotia kanda ya kifaru, akaamka.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema kaibiwa sambusa."

"Sambusa za nini?"

"Za nyama, Bibi."

Pale kifaru aliposimama mvuani akimwita dada yake, sauti ikimkatika, nilimwambia Bibi kwamba mwizi keshajulikana, ni dada mtu, naye anatakiwa azirejeshe zingali moto. Bibi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Nikajua nimeshinda: nani atampa tuzo kifaru wa kuchekesha namna hii? Mwisho, walipokumbatiana matopeni, nikatangaza kwamba wamegawana zilizobaki.

Nasir aliporudi, jasho linamchuruzika, Bibi akatoa hukumu.

"Ya kifaru. Hiyo ya kondoo imenilaza."

Ningesema nini? Kwamba filamu aliyoichagua haipo duniani? Nasir alicheza sebule nzima. Wiki ya pili tukasikia tuzo imechukuliwa na katuni nyingine kabisa, ambayo sote hatujaiona, lakini Mama alikataa kuifungua kesi upya. Nilikaa katikati mpaka shule zikafungwa.

Miaka mingi ikapita. Bibi akapasuliwa goti, nikawa nakwenda kukaa naye hospitali. Siku moja nesi wa Kifilipino akaniuliza, kwa Kiingereza, kama Bibi ana maumivu. Sijafungua mdomo, Bibi akamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba maumivu yamepungua, lakini chai yao haina sukari.

"Bibi! Unajua Kiingereza?"

"Nimefanya kazi wodi ya wazazi kule Unguja miaka kumi na moja, na mkubwa wetu Mwingereza. Hamjapata kuniuliza."

"Basi ile ya kifaru…"

"Nililia, mwanangu. Nnalia, na wewe unaniletea sambusa, hata sikujua nishike lipi."

"Mbona hukunikatiza?"

"Kaka yako alipata haki yake. Na wewe ulikaa saa nzima na nusu unasema na mimi Kiswahili kitupu. Siku zote mkija kwangu ni shikamoo, kisha hao, mnarudi kwenye Kiarabu chenu, kama kwamba nacho sikijui. Nikukatize iwe nini?"

Utotoni niliona Bibi anakaa kimya kwa kuwa yeye hatuelewi sisi tukisema. Kumbe alikuwa anatuelewa neno kwa neno, mezani, garini, kila mahali, ila sisi tulikuwa hatusemi naye.

Nikavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda. Nesi aliporudi na sukari alitukuta tunazungumza, akaiweka juu ya kabati, akaondoka kimya kimya asitukatize.