Kipimo Nilichokifunga Kwenye Gazeti

Nakumbuka mchana mmoja pale Binza, Maswa, mwanangu, nikiwa kijana mfanyabiashara wa ng'ombe, ndoa yangu haijatimiza mwaka. Kesho yake nilikuwa nasafiri kwenda minada ya Meatu kwa mwezi mzima, na sikutaka kuondoka bila kujua kama mke wangu, Kabula, ana mimba. Nikanunua kipimo cha mkojo duka la dawa. Kabula akasema, "Siku zangu hata hazijafika. Subiri kidogo." Mimi na kusubiri wapi na wapi! Nikamng'ang'aniza, naye alikuwa ametoka kunywa maji mengi kwa joto lile. Ukatokea mstari mmoja: hakuna mimba. Nikakifunga kile kipimo kwenye kipande cha gazeti, nikakitia mfukoni mwa koti. Kwa nini sikukitupa? Nadhani shaka ilishaanza kujitafutia ushahidi.

Niliporudi, Kabula alinipokea kwa kicheko, mkononi ana kipimo kingine chenye mistari miwili. "Mume wangu, tumepata!" Nikaduwaa. Nilipoondoka tumbo lilikuwa tupu, na ushahidi ninao mfukoni. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Shaka ni mgeni mbaya, ukimpa kigoda anataka kitanda. Nikaiulizia kanga mpya ya Kabula imetoka wapi. Jirani yetu muuza mkaa akimsalimia "Mwadila," nikasikia salamu imerefuka. Nikakagua simu yake, nikakuta meseji za mama yake tu. Nikasema, basi nyingine amezifuta. Wiki nzima nilikuwa nachokonoa ugali wake kama mtu anayeogopa sumu. Nilimwonea, nasema wazi.

Mwishowe nikaenda Lingeka kwa baba mkwe, nikamkuta zizini. Baada ya salamu ya "Mwangaluka, baba," nikalifungua gazeti lile, nikamwambia amchukue binti yake na anirudishie ng'ombe wa mahari. Hakupandisha sauti. Alikitazama kile kipimo, kisha akaniuliza:

"Ng'ombe akipandwa leo, kesho unajua kama ameshika?"

"Hapana, baba. Nasubiri kama wiki tatu, nione kama atataka dume tena."

"Kumbe kusubiri unajua," akasema. "Simfananishi mwanangu na ng'ombe. Nakulinganisha wewe wa zizini na wewe wa nyumbani."

Akafuatana nami hadi Maswa, tukampitia Kabula, tukaenda zahanati. Nesi mmoja mtu mzima akauliza tulipima lini, na kabla sijamaliza kujibu aibu ilikuwa imeshanipanda. Alitueleza kwamba mimba hujishika kwanza kwenye mji wa mimba, ndipo mwili uanze kutoa ile homoni ambayo kipimo huitafuta. Siku za mwanzo huwa kidogo mno, halafu huongezeka karibu maradufu kila siku mbili tatu.

"Hiki hakikusema hakuna," akaniambia. "Kilisema sijaona."

Akahesabu kuanzia hedhi ya mwisho. Mimba ilikuwa imetungwa nikiwa nyumbani kwangu.

Nilimwomba Kabula msamaha njiani, baba yake akisikia. Akanijibu, "Na kipimo cha kukupima wewe kinauzwa duka gani?" Tuliendelea kuishi, na binti yetu alizaliwa na pua yangu hii hii. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mimba ya pili niliambiwa na baba mkwe. Ya tatu niliambiwa na yule muuza mkaa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukioa, pimeni siku za mkeo zikishachelewa, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa maji mengi. Kipimo kikisema hapana na siku bado hazijaja, rudieni baada ya wiki. Akiumwa sana tumbo au akitokwa na damu, msibishane na kipimo, kimbilieni hospitali. Kule hupima kiasi cha homoni kwenye damu, na mara nyingi hurudia baada ya siku mbili, maana namba moja pekee haitoshi. Na kabla hujamshuku mkeo, ishuku haraka yako.

Mungu akujalie mke wa kukukimbilia wewe kwanza akiwa na habari njema, na akujalie uso wa kuipokea.