Donge la Maandazi kwenye Mtambo wa Marashi

Jamani, mkicheka mcheke taratibu, maana Nasra mdogo wangu yuko chumba cha pili na habari hii mpaka leo akiisikia ananuna. Mnaponiona siku hizi nikienda kwenye shughuli nakaa nyuma kabisa karibu na mlango, msidhani ni unyenyekevu, ni aibu tu. Aibu ya kumwangusha bibi wa watu mbele ya wakwe, na nyumba yetu kupigiwa kelele za gongo mchana kweupe, hapa hapa Kariakoo.

Ilikuwa siku ya posa ya Nasra. Wakwe watarajiwa ni watu wa Magomeni, watu wa dini, wana heshima zao, na tulishadokezwa kwamba kwao neno la mwisho halitoki kwa baba wala mjomba, linatoka kwa bibi yao, Bi Rukia. Bi Rukia akiridhika, harusi ipo, akijifunga buibui lake akaondoka, basi tena, hakuna wa kumrudisha. Na Nasra alikuwa anampenda yule kijana mpaka chakula hakipiti. (Kama mna mdogo wenu aliyewahi kupenda namna ile mnanielewa, nyumba nzima inakuwa haina raha.)

Sasa kwetu mgeni wa posa hakai hivi hivi, lazima anyunyiziwe marashi ya mawaridi, na mama yangu hayanunui dukani ng'o, anayatengeneza mwenyewe uani kwa mtambo aliorithi kwa bibi yetu. Si kitu cha ajabu: sufuria kubwa ya shaba unatia maji na maua, kifuniko chake kina tundu juu, kwenye tundu unachomeka bomba, bomba linapita kwenye ndoo ya maji baridi, mvuke unapoa humo na unadondoka chupani, toni, toni, toni. Siku ile mama alikuwa na wageni wa kupokea, akanikabidhi mimi.

"Salha, viungio vyote uzibe kwa unga na maji. Unga na maji tu, umenisikia? Na pale kwenye bomba usishindilie."

"Mama na wewe! Mimi mtoto?"

Akanitazama, akaenda zake.

Sikilizeni ujinga ulipoanzia. Jana yake nilikuwa nimepakwa hina, si hina ya kubabaisha, imepanda mpaka karibu na viwiko, na nilikuwa naikwepesha maji ili ikolee vizuri. Nikae nikande unga mgumu kwa maji na mikono ile? Thubutu! Nikageuka nikaliona bakuli la unga wa maandazi ya wageni, Nasra ameshaukanda, kaufunika kitambaa unasubiri kuumuka. Nikajisemea, unga si unga? Nikamega donge, nikazungushia ukingo wa kifuniko, nikamega jingine nikaziba kwenye tundu la bomba, na kwa kuwa sitaki mvuke upotee hata kidogo nikalisukumiza ndani kwa kidole. Nikapanga mkaa, nikawasha, nikajipangusa na khanga. Hina haijaguswa.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri mno. Matone yakaanza, harufu ikajaa uani mpaka korido, wageni wakabisha hodi, shikamoo nyingi, marahaba nyingi, wakaketi, na chupa ikafika nusu. Nikawa najiona mimi ndiye mimi. Halafu nikasikia pssss. Lile donge la ukingoni limevimba, limelainika, linapumua mvuke. Nikaongeza donge jingine, bado pssss, nikachukua kinu cha kutwangia nikakiweka juu ya kifuniko kitulize mambo. Kweli, pssss ikakoma.

Na matone nayo yakakoma.

Nikakaa naitazama ile chupa. Hakuna tone. Sufuria ikaanza kunguruma kwa ndani, kifuniko kikawa kinatetemeka chini ya kinu, gr-gr-gr, na hapo ndipo akili iliponijia: hamira! Unga umeumukia ndani ya tundu, bomba limezibika, na mvuke nimeufungia mwenyewe kwa kinu. Kukitoa kinu naogopa, kumwita mama naona haya, maana sebuleni mjomba wa kijana ndiyo kwanza alikuwa amesimama, anasafisha koo, anaanza kueleza kilichowaleta. Nipige kelele saa hiyo, posa ya mdogo wangu iharibike? Nikachukua koleo nikaanza kuuchokora mkaa nje, mmoja mmoja, jasho linanitiririka mgongoni.

"Harufu ndiyo imenileta huku," sauti ikasema nyuma yangu.

Bi Rukia! Kaacha sebule, kaacha hotuba, kaja uani kwa fimbo yake, na kabla sijasema kitu keshakaa kwenye kigoda pembeni ya mtambo, kaishika chupa, anainusa kafumba macho.

"Mazuri haya. Mbona yameacha kudondoka?"

"Yanapumzika, bibi."

"Yanapumzika?"

"Bibi, twende ndani, huku kuna moshi."

"Hebu subiri," akasema, akainama kulitegea sikio lile bomba.

Nikaliona donge la ukingoni likivimba upande ule ule alioinamia, limetuna kama shavu la mtu anayepuliza moto. Sikufikiri tena. Nikapiga ukelele, "Toka!", nikalikamata buibui lake na mkono wake, nikamvuta kwa nguvu zangu zote mpaka koridoni, tukaanguka wote wawili juu ya viatu vya wageni, na marashi yote ya chupani yakammwagikia kifuani mpaka mikononi.

Sebule nzima ikatoka. Wakanikuta nimemlalia Bi Rukia.

"Huyu ana wazimu?" mjomba wa kijana akauliza. Nasra kasimama na birika la chai, midomo inamcheza, machozi yako karibu. Na ile sufuria, mtaniamini? Kimyaa! Haingurumi, haitetemeki, imetulia kunikomoa.

"Italipuka," nikasema, kasauti kadogo.

"Nini kitalipuka?" mama akauliza.

Puuu! Kinu kikaruka huko, kifuniko kikagonga bati, mawaridi yaliyochemka yakatapakaa ukutani na kwenye nguo zilizoanikwa, na pale kilipokuwa kigoda cha Bi Rukia kukawa na maji ya moto yanafuka moshi. Mtu hakuguswa hata mmoja, alhamdulillahi. Lakini nyumba yetu imezungukwa na maghorofa, uani kwetu kunaonekana kwa juu kama sinia, na aliye kibarazani aliona sufuria, bomba na moshi, basi.

"Gongooo! Wamelipua mtambo wa gongo!"

Gongo, pombe ya haramu! Kwa mama yangu, ambaye tasbihi haimtoki mkononi! Dakika si dakika watu wamejaa mlangoni, simu juu wanarekodi, mjumbe wetu wa mtaa kaingia kajikunja uso, na wale wajomba wa Magomeni wameanza kutafuta viatu vyao. Mama kashika ukuta. Nasra sasa analia kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Rukia akainuka, akajishikiza kwa fimbo, akamwendea mjumbe na kumnyooshea mkono wa buibui.

"Nusa."

"Bibi, samahani, mimi nime..."

"Nimekwambia nusa!"

Mjumbe akanusa. "Mawaridi," akasema, taratibu.

"Waambie na wale wa juu."

Ikabidi mjumbe wa watu aende uani, atazame juu, apige kelele, "Ni mawaridi! Marashi tu!" Bi Rukia akabandua kipande cha donge kilichorukia ukutani, akakionja, akaniangalia mimi, akaiangalia hina yangu, na akaelewa kila kitu. Akawageukia wanawe.

"Vueni viatu. Tumekuja kuoa."

Basi wakaoa. Harusi ilipofika mama akanirudisha kwenye mtambo ule ule (kwake ndiyo adhabu), nikakanda unga na maji, nikaziba, sikushindilia, sikuweka kitu juu ya kifuniko, na kabla ya kuwasha nikapuliza bomba mpaka nikaisikia pumzi yangu ikitokea upande wa pili. Bi Rukia alikuja kunisalimia uani. Nikamsogezea kigoda, akakikataa, akasema yeye atasimama pale pale mlangoni, panamtosha.

Na mkitazama picha za harusi, wanawake wote wa nyumba ile wamepakwa hina ya kupendeza. Mimi dada wa bibi harusi, mikono mitupu. Na itabaki mitupu kila nikiugusa ule mtambo.