Saini ya Shemeji

Klabu yetu ya huduma kwa jamii hukutana kila Jumanne mchana katika ukumbi mdogo wa hoteli moja mjini Morogoro. Anayechelewa hutozwa faini, na simu ikilia katikati ya kikao, mwenyewe huimbishwa. Mimi ni katibu. Naandika kumbukumbu za vikao, barua, na mara moja kwa mwaka maombi ya ruzuku. Mfuko unaotoa ruzuku uko ng'ambo, na sharti lake kubwa ni kwamba mradi ubebwe na klabu mbili, moja ya hapa na moja ya nchi nyingine. Mwaka ule tulipata wenzetu katika nchi ya baridi, wastaafu watupu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mcheshi, alizungumza nasi kwa video huku paka wake akipita mbele ya kamera.

Mradi ulitoka kwa muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja juu kwenye milima ya Uluguru. Unapanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, kisha unatembea kama saa moja kati ya matuta ya kabichi na karoti. Zahanati ilikuwa na chumba cha kujifungulia, kitanda kipya na taa ya sola. Bomba hakuna. Mjamzito alikuja na kanga zake, pamba, na mtu wa kumchotea maji. Siku niliyofika nilimkuta mama mtu mzima akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, huku binti yake akiguna ndani. Muuguzi alinawa kwa kikombe kimoja, akachungulia yaliyobaki ndani ya ndoo.

"Mama katibu," aliniambia tulipotoka nje, "wakaguzi wamenipa mpaka Desemba. Bila maji ya bomba, chumba kinafungwa. Hawa wote watajifungulia njiani."

Juu ya zahanati, mahali ambapo ukiita unasikika, palikuwa na chemchemi. Maji yangeshuka yenyewe, bila pampu. Niliuliza shamba lile la nani, wakanionyesha mzee aliyekuwa akipalilia njegere. Nikamwamkia, nikamweleza. Alifurahi, akasema maji ni ya Mungu, akatia saini kwenye barua ya ridhaa niliyoibeba, pale palipoandikwa "mmiliki wa ardhi". Niliuliza swali moja, nikaridhika na jibu moja. Nimeishi Morogoro zaidi ya miaka ishirini, lakini nimezaliwa kwingine, ambako anayelima shamba na mwenye shamba ni mtu yule yule.

Maombi yalipita hatua ya kwanza. Fundi akapanda kupima, akachomeka vigingi kutoka kwenye chemchemi mpaka zahanati. Kesho yake muuguzi alinipigia simu. Vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa, vikapangwa mlangoni kwake vizuri kama kuni za kuuza.

Nilipofika nilimkuta aliyeving'oa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, kofia ya kiua kichwani. Alikuwa kaka wa mke wa yule mzee. Mzee mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, anakwaruza tope kwenye jembe lake.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa karatasi?"

"Ndiye mimi."

Akamgeukia mzee. "Shemeji, tulikupa mke. Tukakupa pa kulima. Sasa umeanza kugawa na chemchemi?"

"Mimi nilidhani ni saini ya kupokea wageni," mzee alijibu.

Wanawake waliokuja kliniki walicheka mpaka watoto wakaamka. Hata yule bwana alicheka. Kisha akanieleza taratibu. Ardhi ile ni ya lukolo, yaani ukoo, na ukoo huko hufuata upande wa mama. Mume analima tu, na hata watoto wake wanairithi kwa mama yao. Kutoa chemchemi kunahitaji ukoo ukae, akina mama na kaka zao.

"Basi mkae, baba," nilisema. "Hata kesho."

"Kesho? Dada yetu mkubwa tumemzika Ijumaa. Arobaini haijaisha, nani atataja ardhi? Hatukatai maji, mama. Tunakataa kuombwa kwa mlango wa uani."

Nilihesabu siku palepale. Dirisha la ruzuku lingefungwa kabla ya arobaini.

Jumanne iliyofuata, mwenyekiti wetu, Mluguru wa mjini, alishauri tupeleke barua ya mzee kama ilivyo. "Wale wa ng'ambo watajuaje?" Halafu akaliondoa shauri lake mwenyewe, maana nyumba anayoishi imejengwa kwenye kiwanja cha mama mkwe wake. Nikauandikia mfuko ukweli, nikaomba tuongezewe siku. Jibu lilikuja kwa lugha ya upole: maombi yenye shauri la ardhi hayawezi kuendelea, tunakaribishwa mzunguko wa mwakani.

Arobaini ilipoisha ukoo ulikaa. Walituletea barua yenye alama za dole gumba za akina mama kumi na mmoja, safi kuliko barua yoyote niliyowahi kuambatisha. Niliituma siku ileile kwa wenzetu, nikidhani labda wataingia nasi mwakani. Mama wa paka alitokea kwenye video akiwa amevua miwani. Klabu yao ilikuwa imechagua vyoo vya shule katika nchi nyingine, kwa kuwa karatasi za huko zilikuwa zimekamilika. Aliniomba nimwelewe. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nilipanda mwenyewe kwenda kusema. Kabla sijafika zahanati niliona udongo mwekundu umefukuliwa. Ukoo ulikuwa umechimba mtaro wote, kutoka kwenye chemchemi mpaka ukutani, kina cha goti, umenyooka. Akina mama walikuwa wamekaa pembeni wakila ndizi za kuchemsha.

"Tumewarahisishia kazi," yule kaka mtu alisema. "Mabomba yanapanda lini?"

"Barua ilichelewa, baba. Wamepeleka msaada kwingine."

Akanyoosha mkono kuelekea chemchemi. "Ilichelewa kwa nani? Maji si yapo palepale?"

Muuguzi, aliyekuwa amesimama kizingitini akisikiliza, aliingia ndani, akafunga mlango.

Klabu ilichanga, ikapata mabomba yasiyofika hata robo ya njia. Maombi mapya niliyapeleka. Mpaka leo yanasubiri wenza wa ng'ambo. Desemba wakaguzi walikuja, wakaandika, wakabandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Nilipopita mara ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha, na mtaro ulijaa maji ya tope. Msichana mwenye mimba kubwa alikuwa akiuvuka juu ya ubao, ameshikwa mkono na mama yake, wakiteremka kwenda kutafuta bodaboda.